Dang'a Si Urithi: Paul Ehrlich na Panya Wake Weupe

Muhula uliopita nilialikwa na shule moja ya upili katika Kaunti ya Bomet kuwazungumzia wanafunzi kuhusu lugha na namna ya kuisoma karatasi ya mtihani. Nilipomaliza, mwalimu wa biolojia alinivuta kando, akanikalisha katika chumba cha walimu mbele ya kikombe cha chai (na ni wapi pengine mtu atanyweshwa chai kwa ukarimu ule kama si katika nchi yenyewe ya majani?), kisha akanifunulia rundo la karatasi za jaribio alizokuwa akizisahihisha. Swali moja lilikuwa limemsumbua. Wanafunzi waliulizwa: ndama aliyezaliwa leo asubuhi huipata wapi kinga dhidi ya maradhi katika majuma yake ya mwanzo? Karatasi baada ya karatasi, isipokuwa moja tu, jibu lilikuwa lile lile. Ndama huirithi kinga hiyo kutoka kwa mamaye. Majibu yaliandikwa kwa Kiingereza, kwani ndiyo lugha ya somo lile, lakini kosa lenyewe halina lugha. Ningeweza kulisikia kwa Kiswahili au kwa Kipsigis siku yoyote ya soko pale Silibwet. Mwalimu alitaka kujua kutoka kwangu, kwa kuwa mimi ni mtu wa isimu, iwapo neno kurithi laweza kunyoshwa mpaka likafika huko, ili naye awape watoto nusu alama.

Sikumjibu siku ile. Jibu langu ni makala haya, na ndani yake mna maisha ya mtu mmoja aliyefariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ambaye hakuwahi kuiona Kericho wala kumkama ng'ombe wa Kipsigis.

Kabla ya kufika kwake, ni haki nikiri kwamba wa kuwacheka wanafunzi wale si mimi. Mwaka 2014, nilipokuwa nimekwisha kuhitimu shahada ya uzamifu na kuanza kupokea mshahara wa mhadhiri, nilimnunulia mama mtamba wa gredi mwenye mimba. Mimba ile ilikuwa ya uhamilishaji, na mbegu ilitoka kwa fahali wa ng'ambo mwenye cheti kirefu cha ukoo: babaye, babuye, na lita za maziwa walizokamuliwa mabinti zake. Cheti kile nilikisoma kama msomi asomavyo muswada wa kale. Ng'ombe alizaa usiku wa mvua mwezi wa Aprili. Mama alikuwa amesafiri kwenda kumuuguza dada yake. Nyumbani alikuwako kijana wa kazi peke yake. Aliambiwa na jirani kwamba ndama asinyonye mpaka kondo la nyuma litoke, akatii. Kondo lilikawia. Ndama alifungwa kando, yale maziwa mazito ya manjano yakakamuliwa na kumwagwa, na mdomo wake ulikuja kugusa chuchu siku ya pili alasiri. Mimi nilipiga simu mara tatu usiku ule kutoka mjini. Niliuliza rangi yake, nikauliza kama ni jike, nikaagiza atandikiwe majani makavu. Juu ya maziwa sikuuliza lolote. Siku ya tisa alikufa kwa kuhara.

Afisa wa mifugo alipofika, nilimwonyesha cheti. Hakukitazama. Aliuliza tu ndama alinyonya saa ngapi.

Nyanya yangu, ambaye sisi wajukuu tulimwita kogo, hakupata kuingia darasani hata siku moja, lakini katika boma lake jambo hilo lisingetokea. Ndama wake alisimamishwa akingali na unyevu wa uzazi, akaelekezwa kwenye kiwele, na hapakuwa na mtu aliyethubutu kuyagusa maziwa yale kabla yake. Kiswahili kina jina zuri la maziwa hayo: dang'a. Kila mwaka nawauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza maana ya neno hilo, na ni wachache mno walijualo, hata miongoni mwa wale waliolelewa zizini. Neno likipotea, ni rahisi kitu chenyewe nacho kumwagwa.

Sasa tuje kwa mtu wetu.

Paul Ehrlich alizaliwa tarehe 14 Machi 1854 katika mji mdogo wa Strehlen, jimbo la Silesia, ambao siku hizi uko Poland na huitwa Strzelin. Jamaa zake walikuwa Wayahudi, na babaye aliendesha nyumba ya wageni. Shuleni hakuwa nyota ya kila somo. Insha zilimshinda, jambo ambalo nawaomba walimu wa lugha walipokee bila kinyongo. Kilichomvuta kilikuwa rangi. Jamaa mmoja wa mamaye, Karl Weigert, alikuwa daktari aliyetumia rangi za kutia vitambaa ili kuvitia rangi vipande vya nyama vitazamwe kwa hadubini. Kijana Ehrlich aliona kwamba rangi fulani hushika sehemu fulani ya chembe na kuiacha nyingine, akajiuliza kwa nini. Swali hilo hakuliacha maisha yake yote. Alisomea udaktari katika vyuo kadhaa, akapata shahada yake Leipzig mwaka 1878 kwa tasnifu juu ya rangi hizo, kisha akaajiriwa katika hospitali ya Charité mjini Berlin.

Tarehe 24 Machi 1882 alikuwa miongoni mwa wasikilizaji Robert Koch alipotangaza kwamba amekiona kijidudu kiletacho kifua kikuu. Muda si muda Ehrlich alikuwa amebuni njia bora zaidi ya kukitia rangi kijidudu kile, na njia za maabara zinazotumika hadi leo kukitafuta katika makohozi zimetokana na kazi hiyo. Miaka michache baadaye aliyapima makohozi yake mwenyewe, akakikuta kijidudu kile kile. Akaenda Misri mwaka 1888 pamoja na mkewe Hedwig kutafuta hewa kavu, akakaa huko mpaka mwaka uliofuata. Hiyo ndiyo Afrika aliyoijua. Alirudi Berlin akiwa amepona lakini hana kazi, akajifungulia maabara ndogo ya binafsi. Mwaka 1891 Koch alimwita katika taasisi yake mpya ya maradhi ya kuambukiza.

Hapa ndipo pana utamu wa hadithi, nami nitakaa hapa kidogo.

Nyakati zile watu walikuwa wameanza kufahamu kwamba mnyama aliyezoezwa sumu kidogo kidogo huja kuistahimili. Emil von Behring na Mjapani Kitasato walikuwa wameonyesha mwaka 1890 kwamba maji ya damu ya mnyama aliyezoezwa hivyo yakitiwa kwa mnyama mwingine humkinga. Lakini dondakoo na pepopunda ni vitu vigumu kuvipima. Ehrlich akatafuta sumu iliyo safi na rahisi kupimika, akaipata katika mimea. Moja ilitoka katika mbegu za mbarika, mti ule ule uotao kando ya vijia vyetu na ambao watoto huonywa wasizitafune punje zake. Nyingine ilitoka katika mbegu za mturituri, zile punje nyekundu zenye doa jeusi ambazo pwani hutungwa shanga. Aliwalisha panya wadogo weupe chembe ya sumu ya mbarika ndani ya vipande vya keki, akaongeza kipimo siku baada ya siku, mpaka panya wale wakawa wanastahimili sumu ambayo ingewaua wenzao mara nyingi.

Kisha akauliza swali lile lile lililo katika karatasi za Bomet. Je, watoto wa panya hawa watazaliwa na kinga? Na wakizaliwa nayo, wameipata kwa njia gani?

Tukumbuke kwamba ulikuwa mwaka 1892. Kazi ya Mendel juu ya njegere ilikuwa imechapishwa mwaka 1866 lakini ilikuwa imelala makabatini, na isingeamshwa mpaka mwaka 1900. Neno jeni lilikuwa bado halijatungwa. Wanazuoni wa Ulaya walikuwa wakibishana vikali iwapo kitu alichokipata mzazi katika maisha yake, kama misuli ya mhunzi, chaweza kumshukia mwanawe kwa njia ya mbegu za uzazi. Ehrlich hakuandika kitabu cha mabishano. Aliwapanga panya wake wawili wawili.

Kwanza alimchukua dume mwenye kinga akampandisha kwa jike lisilo na kinga. Watoto waliozaliwa hawakuwa na kinga yoyote. Kama kinga ingekuwa ndani ya mbegu ya uzazi, baba naye angalipitisha sehemu yake, hakupitisha kitu. Kisha akamchukua jike mwenye kinga akampandisha kwa dume wa kawaida. Watoto hao walikuwa na kinga, lakini ilipungua juma baada ya juma, na baada ya miezi mitatu hivi ilikuwa imekwisha. Watoto hao walipokua na kuzaa, wajukuu hawakuwa nayo hata chembe. Lo! Urithi gani huu unaotoka kwa mama peke yake, unaokwisha kabla mrithi hajapevuka, na usiofika kwa mjukuu?

Jaribio la mwisho ndilo nilipendalo kuliko yote, kwa wepesi wake. Ehrlich alibadilishana watoto. Wale waliozaliwa na jike la kawaida aliwapeleka kunyonya kwa jike lenye kinga, na wale wa jike lenye kinga akawapeleka kunyonya kwa jike la kawaida. Watoto wa mama asiye na kinga, waliokuwa hawana damu moja na mlezi wao, wakapata kinga kutoka kwenye maziwa yake. Wenzao waliotolewa kwa mama mwenye kinga walikuwa na akiba kidogo waliyozaliwa nayo, ikawaishia upesi. Ehrlich akahitimisha kwamba kinga ya mama humfikia mtoto kwa njia mbili, kupitia tumboni na kupitia maziwa, na kwamba zote mbili si urithi. Mtoto amepewa kitu kilichokwisha kutengenezwa katika mwili wa mwingine. Ndiye aliyetufundisha kuitenga kinga ambayo mwili hujitengenezea kwa jasho lake na kinga ambayo mwili hupokea tu, nayo hudumu kadiri kilichopokewa kinavyodumu.

Mimi, nikitafuta neno la Kiswahili la kitu hiki kinachopokewa, sikuridhika na urithi, wala mkopo, maana mkopo hulipwa. Nimetua kwenye neno la wasafiri: masurufu. Mama humfungia mwanawe chakula cha njiani. Anayefungiwa masurufu hajarithi shamba. Yakiisha, atajitafutia, na wanawe hawatayaona.

Hata hivyo, mwalimu mwangalifu atanishika koo hapa. Panya si ng'ombe. Ni kweli, na tofauti hiyo ndiyo iliyomuua ndama wangu. Kwa binadamu, kingamwili nyingi hupita kwenye kondo la nyuma mimba ikiwa katika miezi ya mwisho, na mtoto huzaliwa akiwa nazo damuni. Panya hupata huku na huku. Lakini kwa ng'ombe, na kwa nyati aliye ndugu yake, damu ya mama na damu ya ndama hutengwa na matabaka mengi ya tishu, na kingamwili hazipenyi. Ndama huzaliwa maskini kabisa. Masurufu yake yote yamo katika dang'a. Na mlango wa kuyapokea haukai wazi: utumbo wa ndama mchanga huziruhusu kingamwili zipite nzima hadi damuni, lakini uwezo huo hupungua kila saa, na baada ya saa 24 hivi umekwisha. Ndiyo sababu maafisa wa mifugo husisitiza anywe lita mbili hadi nne katika saa sita za mwanzo. Yatakayonyonywa siku ya pili alasiri yatamshibisha, lakini mlango umefungwa. Mwaka 1922, Theobald Smith na Ralph Little walichapisha huko Marekani majaribio yao ya ndama walionyimwa dang'a na wenzao walioinywa. Wengi wa walionyimwa walikufa kwa vijidudu vilivyoenea mwilini katika siku chache. Miaka 92 kabla ya usiku wangu wa mvua, kwa maneno mengine.

Kuna sadfa moja ya miaka ambayo kila nikiifikiri hunishangaza. Miaka ile ile ya 1890 hadi 1892, Ehrlich alipokuwa akiwapanga panya wake Berlin, sotoka ilikuwa ikipita katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Ilikuwa imeingia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ikashuka kusini ikiacha maboma matupu. Wamaasai walifilisika. Nyati wa porini, ambaye ni mkali asiyeogopa simba, aliangamia makundi kwa makundi. Hakuna aliyekuwa na habari kwamba wachache waliopona walibeba ndani yao kitu kile kile kilichokuwa katika panya wa Berlin.

Jambo hilo lilikuja kuchunguzwa hapa Kenya baadaye sana. Walter Plowright, daktari wa mifugo wa Kiingereza aliyefanya kazi Muguga, karibu na Nairobi, kuanzia mwaka 1956, alitengeneza pamoja na wenzake chanjo ya sotoka iliyokuja kutumika kote duniani. Katika kazi hiyo walikutana na masurufu ya Ehrlich uso kwa uso. Ndama wa ng'ombe aliyechanjwa, akichanjwa angali na kingamwili za dang'a, chanjo haishiki, kwa kuwa zile za mama huiua kabla mwili wake haujajifunza. Ilibidi kungojea mpaka ziishe, naye asiachwe wazi muda mrefu. Huko Mara na Serengeti, kusini tu mwa Bomet yetu, jambo hilo lilionekana kwa nyumbu bila kuhitaji maabara: vifo havikuwa vya vitoto vichanga bali vya wale waliokaribia kutimiza mwaka, ambao masurufu ya mama yalikuwa yamewaishia. Ng'ombe wa kandokando walipochanjwa, ugonjwa ulitoweka kwa wanyama wa mwituni mwanzoni mwa miaka ya 1960, na nyumbu wa Serengeti wakaongezeka kutoka takribani 250,000 hadi zaidi ya milioni moja katika miaka ishirini isiyotimia. Nyati nao waliongezeka. Sotoka ilirudi Tsavo mwaka 1994, ikawaua nyati na tandala wengi, na mara ya mwisho kuonekana popote duniani ilikuwa kwa nyati wa Mbuga ya Meru, hapa Kenya, mwaka 2001. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba imekwisha duniani.

Lakini nimemwacha Ehrlich Berlin mwaka 1892, na maisha yake yaliyobaki ndiyo yaliyompa jina. Nitayapita upesi, kwa kuwa yameandikwa na wengi. Aliifanya dawa ya dondakoo ya Behring ipimike kwa vipimo sawasawa, hata daktari akajua anachompa mtoto. Behring akapata utajiri na Tuzo ya Nobel ya mwaka 1901, na urafiki wao ukavunjika. Alihamia Frankfurt mwaka 1899 kuongoza taasisi iliyojengwa kwa ajili yake. Alifundisha kwamba chembe za mwili zina mikono ya kushikia sumu, na kwamba mikono hiyo huachiliwa ikaogelea damuni. Picha hiyo ina makosa yake, lakini fikra ya kitu kimoja kushikana na kingine kama ufunguo na kufuli ingali inatumika. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mrusi Metchnikoff. Alivuta sigara kubwa kiasi cha ishirini na tano kwa siku, na kila asubuhi aliwapelekea wasaidizi wake maagizo yaliyoandikwa kwenye vikadi vya rangi.

Afrika Mashariki ilimfikia kwa njia nyingine pia. Koch alikwenda visiwa vya Sese, Uganda, mwaka 1906 kutibu malale kwa dawa ya zaranikhi iliyoitwa atoxyl, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Ehrlich, ambaye alikuwa akiwasaka vijidudu vya jamii ya malale ndani ya panya tangu mwaka 1904, aligundua pamoja na wenzake muundo halisi wa dawa ile, wakaanza kuibadilisha kipande baada ya kipande wakitafuta iliyo kali kwa kijidudu na pole kwa mgonjwa. Kitu cha 606 katika daftari yao hakikuwa jibu la malale. Mwaka 1909 Mjapani Hata aliona kwamba kinaua kijidudu cha kaswende, na mwaka uliofuata kikauzwa kwa jina la Salvarsan. Wagonjwa wa Sese walikuwa wamelipa sehemu ya gharama ya elimu hiyo, na majina yao hayamo katika vitabu nilivyosoma.

Sina haja ya kumfanya mtakatifu. Mwezi wa Oktoba 1914 jina lake lilikuwamo miongoni mwa wasomi 93 wa Kijerumani waliotia sahihi tamko la kulitetea jeshi la nchi yao juu ya yaliyotendeka Ubelgiji. Mtu aliyekataa kuamini kinga ya panya bila kumbadilishia mama aliyaamini maneno ya serikali yake bila jaribio lolote. Alifariki tarehe 20 Agosti 1915 katika mji wa Bad Homburg, akiwa na umri wa miaka 61. Utawala wa Hitler ulilifuta jina lake kwenye mtaa wa Frankfurt kwa sababu ya Uyahudi wake, na mjane wake akakimbilia ng'ambo. Baadaye Wajerumani walimrudishia heshima, hata wakaichapa sura yake kwenye noti yao ya mark 200, iliyotumika katika miaka ya 1990.

Limebaki suala moja, na kwa mwalimu wa Bomet ndilo gumu. Je, urithi hauna nafasi kabisa? Unayo, lakini si pale wanafunzi walipouweka. Katika miaka ya 1950 mwanazuoni Brambell, aliyekuwa akifanya kazi Wales, alibashiri kwamba kuna kitu mwilini kinachozishika kingamwili na kuzivusha au kuzilinda zisivunjwe. Kitu hicho kilipatikana baadaye. Ni protini, na kama protini nyingine hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti Marekani waliona kwamba jeni hizo hazifanani kwa ng'ombe wote, na kwamba baadhi ya sura zake huandamana na ndama wenye kingamwili chache damuni. Swali hilo hilo limeulizwa pia kwa nyati wa maziwa wa Asia. Kwa hiyo ndama hairithi kinga ya mamaye, ila huenda amerithi mkono mzuri au mbaya wa kuitunza, na mama naye huenda amerithi kiwele chenye bidii au kivivu cha kuikusanya. Cheti changu cha ukoo hakikuwa bure kabisa. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba mkono mzuri hushika hata pale usipopewa kitu.

Basi nusu alama, mwalimu, sitaitetea. Ile karatasi moja uliyoiweka kando, ya binti aliyeandika kwamba ndama huipata kinga akinyonya mapema, na mamaye akikosa maziwa apewe ya ng'ombe mwingine aliyezaa karibuni, uliikata alama kwa kuwa sehemu ya pili haikuulizwa. Nakuomba uirudie. Hilo ni jaribio la mwaka 1892, na nadhani binti yule ameliona kwao.

Nasi tulikuja kuliona kwetu. Mwezi wa Mei 2016 ng'ombe yule yule alizaa tena, saa tisa za usiku, na kiwele chake kilikuwa na ugonjwa: upande mmoja ulitoa damu na mwingine haukutoa kitu. Mama hakunipigia simu. Ng'ombe wa jirani alikuwa amezaa jioni ile, na bado alikuwa na dang'a. Mama alichukua tochi na birika, akapita katikati ya mistari ya majani ya chai kwenye ukungu, akaamsha watu, akarudi na lita tatu. Kabla ya saa kumi na moja ndama alikuwa amekwisha kuzinywa zote. Ni jike, nimeambiwa amefanana na babaye, na mwaka jana alizaa mara ya tano.